Kubebesha Hakuzuii Virusi vya Matunda Damu

Swali ni lile lile, kwenye simu, mashambani na kwenye maonyesho ya kilimo: "Mtaalamu, nilinunua miche ya matunda damu iliyobebeshwa, ile ya bei kubwa. Mbona majani yamekunjamana na yana mabaka ya njano? Nipulizie dawa gani?"

Hakuna dawa. Huo ni ugonjwa wa virusi, na kubebesha hakujawahi kuuzuia.

Wauza miche wamewaaminisha wakulima kwamba mche uliobebeshwa hauugui, hauhitaji kupuliziwa na huzaa miaka mingi kuliko mwingine. Tuangalie kinachofanyika hasa. Kikonyo, yaani kijitawi, cha mti wa matunda damu hufungwa juu ya shina la mwitu, mara nyingi ule mti wa majani mapana yenye vinyweleo na maua ya zambarau unaojiotea kando ya misitu. Miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja na nyanya na viazi mviringo, ndiyo maana inashikana. Mizizi ya shina la mwitu hustahimili zaidi minyoo fundo na baadhi ya maradhi ya udongoni. Faida inaishia hapo, chini ya kiungo. Juu ya kiungo una mti ule ule wa siku zote, wenye majani laini yanayopendwa na vidukari, na vidukari ndio wanaohamisha virusi kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Kuna jambo baya zaidi ambalo muuzaji hakwambii. Virusi vingi vya mimea havipiti kwenye mbegu, lakini vinapita kwenye kikonyo bila kizuizi chochote. Ukikata vikonyo kwenye mti mama mgonjwa, kila mche utakaotoka hapo umezaliwa na ugonjwa, hata kama siku ya kuununua majani yake yanang'aa. Kwa hiyo mkulima aliyelipa zaidi akikwepa ugonjwa huenda ndiye aliyeubeba kwa gari hadi shambani kwake. Hili linaniudhi, kwa sababu ni fedha za watu wenye ekari moja au nusu.

Halafu inaanza safari ya tiba: majivu, maziwa, dawa ya ukungu mara mbili kwa wiki. Maji ya sabuni huua vidukari yakiwagusa, na hilo ni zuri, lakini virusi vikishaingia ndani ya mti havitoki. Dawa ya ukungu hutibu ukungu. Mwenye duka aliyekuuzia kwa ajili ya mabaka hayo amekuuzia kitu kisichohusika.

Je, usinunue kabisa miche iliyobebeshwa? Nunua ikiwa shamba lako lina minyoo fundo, na baada ya kuuona mti mama kwa macho yako. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yakwanyue mara moja, maana ni ya mti wa mwitu, na matunda yake mabichi yana sumu. Kama udongo wako ni safi, mche wa mbegu kutoka kwenye mti wenye afya unatosha: huzaa matunda yanayofanana sana na ya mama yake, na huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Mengine ni haya. Panda kwa nafasi ya mita 2.5 hadi 3, mahali pasipotuamisha maji, kwa sababu maji yakisimama siku chache tu mizizi huoza. Usipande palipotoka nyanya au viazi. Weka kinga ya upepo, kwani matawi huvunjika upesi. Mizizi iko juu juu, basi palilia kwa mkono na uweke matandazo yasiyogusa shina. Kata ncha mti ukifika mita moja ili utoe matawi, kisha pogolea kila baada ya mavuno, maana matunda hubebwa na machipukizi mapya. Geuza majani kila wiki kutafuta vidukari. Chuma matunda pamoja na vikonyo vyake.

Na mti wenye mabaka, ung'oe leo na uuchome moto. Ukiuacha kwa huruma, vidukari watabeba ugonjwa wake mpaka kwa jirani yako.