Istilahi za Saspensheni ya Magari ya Njia Mbovu katika Kiswahili: Kutoka Majina ya Vipuri hadi Vitenzi vya Madereva

Ikisiri

Katika gereji za Afrika Mashariki, kazi ya kuinua gari ili lipite njia mbovu hufanywa na hujadiliwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, juhudi za kuunda istilahi za taaluma hii zimejielekeza zaidi katika majina ya vipuri kuliko katika dhana zinazoeleza tabia ya gari. Makala haya yanafafanua dhana za msingi za saspensheni kwa kutumia mfano wa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na kubainisha mahali ambapo neno moja la Kiswahili hubeba dhana mbili au tatu. Yanaonesha kwamba mkanganyiko huo una gharama: mteja hununua kipuri kisichotatua tatizo lake, na breki au usukani huweza kuathirika bila mtu kutambua. Makala yanapendekeza kwamba istilahi za tabia ya gari ziundwe kutokana na vitenzi ambavyo madereva tayari wanavyo.

Maneno makuu: istilahi, saspensheni, kimo cha gari, ukakamavu, ufifishaji, unyambulishaji

1.0 Utangulizi

Mteja anapofika gereji na kusema, "Nataka gari liinuliwe," ametumia kitenzi ambacho kila Mswahili anakielewa. Hata hivyo, bado hajaeleza anachotaka. Fundi anaweza kuitikia ombi hilo kwa njia tatu tofauti, kila moja ikiwa na bei yake, faida yake na hatari yake. Iwapo wawili hao hawana msamiati wa kutenganisha njia hizo, makubaliano yao yatakuwa ya jina tu.

Suala hili si dogo. Magari yenye ekseli nzima mbele na nyuma, hasa Land Cruiser za mfululizo wa 70, hubeba watalii, wagonjwa, wataalamu wa kilimo na maofisa wa misaada katika maeneo yasiyo na lami. Jijini Arusha zipo gereji zinazorefusha magari hayo kwa kuongeza kipande cha chesisi na safu ya viti kwa ajili ya safari za mbugani. Kazi kama hiyo hubadilisha uzito, na uzito ukibadilika saspensheni nayo haina budi kubadilishwa.

Zaidi ya hayo, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Fundi aliyejifunza kazi Mwanza anaweza kujikuta Kigali au Bujumbura, ambako majina mengi ya vipuri yametokana na Kifaransa. Shokapu ya gereji za Tanzania ina jina jingine huko. Swali la makala haya ni je, Kiswahili kinahitaji nini ili mafundi hao waelewane kuhusu tabia ya gari, si kuhusu kipuri tu?

2.0 Kuinua: kitenzi kimoja, dhana tatu

Njia ya kwanza ni kuinua bodi. Vipande huwekwa kati ya chesisi na bodi. Bodi hupanda, lakini chesisi, springi na ekseli hubaki pale pale. Faida yake ni nafasi zaidi ya matairi makubwa chini ya mabawa ya gari.

Njia ya pili ni kuinua springi. Springi ndefu zaidi, au zenye mpindo mkubwa zaidi, husukuma chesisi na bodi juu ya ekseli. Tumbo la gari hupata nafasi zaidi, na pembe ambayo gari linaweza kukabili kilima au kutoka korongoni bila kugonga huongezeka.

Njia ya tatu ni kuongeza kipenyo cha tairi. Hii peke yake ndiyo inayoinua ekseli, nayo huinua kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Tairi lenye kipenyo cha milimita 810 likichukua nafasi ya lile la milimita 760, ekseli hupanda milimita 25. Katika gari lenye ekseli nzima, sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi kwa kawaida ni tungi la difu. Kwa hiyo, mteja anayelalamika kwamba difu inagonga mawe, kisha akauziwa springi za kuinua milimita 50, atarudi njia ile ile na kugonga mawe yale yale. Gari lake limepanda, ila difu haijapanda hata milimita moja.

Hapa ndipo haja ya kutenganisha istilahi mbili inapojitokeza. Kimo cha gari ni umbali kati ya sehemu maalumu ya chesisi au bodi na ekseli au ardhi, gari likiwa limesimama. Uwazi wa chini ni umbali kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari. Springi hubadilisha kimo. Uwazi wa chini wa gari la ekseli nzima hubadilishwa na tairi. Vilevile, tairi kubwa huathiri kipimo cha mwendo: katika mfano uliotajwa, kipimo kilichokuwa sahihi awali kitaonesha kilomita 80 kwa saa ilhali gari linakwenda takriban 85.

3.0 Ugumu: ukakamavu na ufifishaji

Neno la pili lenye utata ni ugumu. Husemwa kwamba "shokapu ngumu zitainua gari" au kwamba "gari limekaa chini kwa sababu shokapu zimekufa." Kauli zote mbili huchanganya kazi ya springi na kazi ya shokapu.

Springi hubeba uzito. Sifa yake kuu ni ukakamavu, yaani nguvu inayohitajika kuibonyeza kwa kipimo fulani. Chukua mfano wa springi mbili za nyuma, kila moja ikihitaji nyutoni 50 kubonyea milimita moja. Mzigo wa kilo 400 ukiwekwa juu ya ekseli ya nyuma, kila springi hupokea takriban nyutoni 2,000, na gari hushuka milimita 40. Springi zenye ukakamavu wa nyutoni 80 kwa milimita zingeshuka milimita 25 tu. Ndiyo maana gari linalobeba mzigo wa kudumu, kama vile tangi la ziada la mafuta au kreti ya juu, huhitaji springi kakamavu zaidi.

Lakini ukakamavu una bei yake. Kama kila springi imebeba kilo 500, springi ya kwanza hulitikisa gari takriban mara 1.6 kwa sekunde, na ya pili takriban mara 2. Mzigo ukishushwa, mtikisiko huwa wa haraka zaidi, tairi hukosa kushika ardhi sawasawa, na abiria huumia mgongo. Springi bora ni ile inayolingana na uzito ambao gari hubeba siku nyingi za mwaka, wala si ile iliyo ngumu kuliko zote dukani.

Shokapu, kwa upande wake, haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni ufifishaji, yaani kuuzima mtikisiko wa springi. Ndani yake, mafuta husukumwa kupitia matundu madogo, na nishati ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Gesi iliyomo katika baadhi ya shokapu huongeza nguvu kidogo ya kusukuma juu, ila lengo lake hasa ni kuzuia mafuta yasifanye povu. Katika barabara ya changarawe yenye vijituta vya mfululizo, shokapu hufanya kazi bila kupumzika. Joto likizidi na mafuta yakitoka povu, ufifishaji hupungua na dereva huhisi gari likianza kuelea. Shokapu iliyokufa kwa hiyo haishushi gari. Gari lililokaa chini lina springi iliyochoka au mzigo uliozidi, na kulibadilishia shokapu ni kutibu goti kwa maumivu ya kiuno.

4.0 Yanayofuata baada ya kuinua

Dhana inayosahaulika zaidi ni safari ya gurudumu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Umbali huo una pande mbili: kubonyea na kuning'inia. Springi ndefu ikiinua gari milimita 50 huku shokapu ikiachwa ile ile, upande wa kuning'inia hupungua kwa takriban kiasi hicho hicho. Gurudumu likiingia shimoni, shokapu hufika mwisho wake kabla gurudumu halijagusa chini. Shokapu ya urefu unaolingana na springi mpya ni sehemu ya kazi yenyewe, si anasa.

Athari ya pili ni katika usukani. Tangu mwaka 1999, Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kazi nzito zimekuwa na springi za koili mbele, na ekseli hushikiliwa na mikono miwili inayoelekea nyuma kwenye chesisi. Chesisi ikiinuliwa, mikono hiyo huinama na kuizungusha ekseli, na pembe ya kasta hupungua. Pembe hiyo ndiyo inayoyafanya magurudumu ya mbele yarudi katikati yenyewe baada ya kona. Ikipungua, gari huyumba katika mwendo wa kasi na dereva hulazimika kuusahihisha usukani kila mara. Tiba yake ni bushi zenye tundu la pembeni, au vibao vya kurekebisha mikono hiyo. Aidha, ufito unaoizuia ekseli isihame upande huielekeza kando kidogo gari linapopanda, hivyo huenda ukahitaji kurekebishwa urefu.

Athari ya tatu inahusu breki, nayo ndiyo ya hatari zaidi kwa kuwa haionekani. Magari mengi ya mizigo ya Toyota yasiyo na mfumo wa kielektroniki wa breki yana vali nyuma inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Vali hiyo huunganishwa na ekseli kwa ufito. Gari likishuka kwa mzigo, breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari lililoinuliwa huidanganya vali: hata likiwa limejaa, vali huliona kana kwamba ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu zinazostahili. Fundi asiporekebisha ufito huo, umbali wa kusimama huongezeka siku ambayo gari limebeba watu wengi. Mipira ya breki nayo yafaa ipimwe ekseli ikiwa imening'inia kabisa, isije ikavutika na kukatika. Pembe za propela shafti pia zikaguliwe, maana jointi za krosi zisipokuwa na pembe zinazolingana hutetemesha gari na kuchakaa mapema.

Mwisho, kuna kupinduka. Gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kilicho milimita 750 juu ya ardhi, likichukuliwa kama kitu kisichonesa, hufikia ukomo wake katika mwinamo wa nyuzi 45. Kitovu kikipanda milimita 50, ukomo hushuka hadi takriban nyuzi 43. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi pale kreti ya juu inapopakiwa na dereva kukwepa mnyama barabarani.

5.0 Vitenzi vya madereva kama chanzo cha istilahi

Majina ya vipuri yaliyotumika hadi hapa ni ya mkopo takriban yote: springi, shokapu, bushi, ekseli, difu. Hali ni tofauti kabisa katika kueleza tabia ya gari. Madereva husema gari linadunda, linaelea, linayumba, linalala kwenye kona, linavuta upande mmoja, au limetulia barabarani. Vitenzi hivi ni vya Kiswahili chenyewe, na kila kimoja huelekeza kwenye chanzo chake. Kudunda huashiria springi kakamavu mno kwa mzigo uliopo. Kuelea huashiria ufifishaji hafifu. Kuyumba, katika gari lililoinuliwa, huashiria upungufu wa pembe ya kasta, ingawa bushi zilizolika huleta dalili hiyo hiyo. Kulala huambatana na kitovu cha uzito kilicho juu au springi laini.

Unyambulishaji wa Kiswahili unaruhusu nomino kuundwa kutokana na vitenzi hivi bila kutafuta mkopo: mdundo, myumbo, uvutaji upande. Tahadhari moja ni ya lazima. Nomino mlalo tayari inatumika katika hisabati kwa maana ya mstari ulio sambamba na upeo, kwa hiyo haifai kwa dhana ya gari kulala. Ulaliaji kona lingekuwa chaguo salama zaidi. Mfano huu unaonesha kwamba istilahi huchaguliwa kwa kuangalia taaluma jirani pia.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, orodha za istilahi za ufundi wa magari zipangwe kwa dhana na dalili, si kwa majina ya vipuri pekee. Majina ya mkopo yanaweza kutofautiana kati ya nchi za Kiingereza na za Kifaransa bila madhara makubwa, mradi dhana ya tabia iwe moja. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na mabaraza ya kitaifa na vyuo vya ufundi stadi kupatanisha istilahi za kimo, uwazi wa chini, ukakamavu, ufifishaji na safari ya gurudumu. Tatu, taasisi za umma zinazoagiza magari ya njia mbovu ziandae fomu ya kazi kwa Kiswahili inayomtaka fundi ataje aina ya kuinua, uzito wa kawaida wa gari, na ukaguzi wa breki na usukani uliofanywa baada ya kazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza saspensheni kwa usahihi, na kwamba pengo lililopo liko katika kutenganisha dhana, hasa pale kitenzi kuinua na nomino ugumu vinapobebeshwa maana nyingi. Madereva na mafundi wamekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa vitenzi vyao vya kila siku. Kilichobaki kwa wanaistilahi ni kuvikusanya, kuvipambanua na kuvirejesha gereji vikiwa na maana zilizokubaliwa, ili anayesema "gari linayumba" mjini Kampala na anayelirekebisha mjini Goma wawe wanazungumzia jambo moja.