Kununua Nyumba ya Kitambo Waberi na Kuifanya Mpya: Vitu vya Kucheki Kabla Utoe Ganji

Ukizunguka Waberi hapa Garissa utaona nyumba mbili majirani, lakini ni kama zilijengwa karne tofauti. Moja ni ya orofa, geti imemetameta, tanki ya maji iko juu. Ya pili ni ile ya kitambo: mabati yamekula kutu, dari inashuka, ukuta umepasuka kama midomo ya msee amekaa na kiu siku tatu. Lakini iko na kitu ile ya kwanza haina. Bei yake inaongeleka.

Ndio maana vijana wenye wamejipanga kidogo, ama wako na ndugu majuu wa kuwapiga jeki, huanza kuimezea mate. Plani ni rahisi kwa mdomo: nunua chee, rekebisha pole pole, ingia ama pangisha. Form iko sawa kabisa. Shida ni kuna njia kama tano za kupoteza doo zote kabla hata fundi akoroge simiti. Wacha tuzipitie moja moja.

1. Anza na karatasi, ukuta utangoja

Ploti mingi Garissa ziko na barua ya kugawiwa tu, ile watu huita alotimenti. Muuzaji atakuonyesha imekunjwa vizuri kwa plastiki, iko na muhuri, imekaa kwa kabati miaka na miaka. Usikimbie kushika mkono.

Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Torino Enterprises ikasema wazi: barua ya kugawiwa ni ofa tu. Peke yake haikufanyi mwenye ardhi, mpaka masharti yake yatimizwe na usajili ukamilike. Mwaka huo huo, kwa kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, mahakama hiyo ikaenda mbali zaidi: hata ukiwa na hatimiliki, lazima ionekane ilitoka kwa njia halali tangu mwanzo. Kwa hivyo cheki mizizi, usicheki matawi tu.

Fanya hivi:

- Enda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi. Jina kwa rejista lazima liwe la yule anakuuzia. Angalia pia kama kuna zuio ama deni la benki.
- Kama ni alotimenti, uliza ada zililipwa lini, risiti ziko wapi, na kama ofisi zinaitambua hiyo ploti kwa jina lake.
- Kama huyo msee ako na mke, bibi lazima akubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inalinda nyumba ya ndoa. Mzee kusema "hiyo wachia mimi" si idhini.
- Makubaliano yaandikwe, yasainiwe, yawe na mashahidi. Mzee wa mtaa akishuhudia ni poa, lakini pia tafuta wakili wako mwenyewe. Usitumie wa muuzaji.

2. Hapa ndio watu huumia: nyumba ya urithi

Nyumba za kitambo mara mingi ni za mzee alishafariki. Anayekuja kukuuzia ni kijana mmoja wa hiyo familia, na ako na haraka. Kumbe kuna dada wawili Nairobi, kaka mmoja Minneapolis, na mama mzazi bado anaishi humo ndani.

Kwa sheria, mtu hawezi kuuza mali ya marehemu kabla urithi ugawanywe. Familia ya Waislamu inaweza kupeleka hiyo mambo kwa Kadhi, wote wakikubali aisikize. Njia ingine ni mahakama za kawaida. Mpaka karatasi ya mahakama itoke ikionyesha nani anasimamia mali na nani anapata nini, wewe unanunua maneno. Na mabinti wako na haki kwa huo urithi. Usikubali kuambiwa "hao walishaolewa".

Fikiria tu: umeweka mabati mapya, umepiga plasta, umepaka rangi, alafu dada anarudi na kesi. Ukuta ni wako, ploti si yako. Hapo hata fundi hawezi kukusaidia.

3. Uliza mto kabla uulize bei

Tana haiko mbali. Mabwawa ya huko juu, Masinga mpaka Kiambere, yakijaa na kuanza kumwagika, maji inakuja kwetu hata kama hapa hakujanyesha. Watu wa Garissa hawajasahau El Niño ya mwisho wa 2023, na Aprili na Mei 2024 wakati barabara ya Madogo ilikatika na watu wakavushwa kwa boti.

Kwa hivyo tembea ukutani kwa macho. Tafuta ile laini ya matope, rangi imebambuka kwa urefu mmoja nyumba nzima, chumvi nyeupe chini ya plasta. Alafu salimia mama wa duka jirani, umuulize 2024 maji ilifika wapi. Yeye hana sababu ya kukudanganya, hauzi nyumba.

Na jua hii: Nairobi ni kama kilomita 370 kutoka hapa. Barabara ikikatika, simiti na mabati pia zinakwama. Nunua vifaa kabla ya mvua.

4. Ukiwa ndani, piga msasa

*Nyufa.* Ufa mwembamba kama unywele kwa plasta si noma. Lakini ukiona ufa unapanda kama ngazi, ama kidole kinaingia, msingi umecheza. Lipa mhandisi akuangalilie hiyo kabla ulipe nyumba.

*Mchwa.* Gonga fremu za milango na mbao za paa. Ikilia ngumu, sawa. Ikilia kama debe tupu, wadudu walishamaliza karamu.

*Asbesto.* Kama paa ni yale masheti mazito ya kijivu ya kitambo, simama hapo hapo. Vumbi yake ikiingia mapafuni inaweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Usiivunje, usiitoboe, usimtume kijana aipande na nyundo. Inatolewa na watu wenye leseni ya NEMA, na hiyo gharama itolewe kwa bei ya muuzaji.

*Stima.* Waya za zamani hazikupangiwa friji, feni nne na mashine ya kufua. Tafuta fundi wa stima ako na leseni ya EPRA. Cheki pia kama mita ya tokeni iko na deni, juu utalilipa wewe kila ukinunua tokeni.

*Maji na choo.* Fungua mfereji uone. Uliza bili ya GAWASCO iko namna gani. Shimo la choo likiwa limejaa, hiyo ni bajeti ingine.

5. Pambana na joto kabla ya urembo

Garissa jua haina huruma, 35 huwa inapita bila jasho. Jasho ni lako. Wengi hukimbilia vigae vya kung'aa na taa za rangi, alafu usiku wanalala nje kwa mkeka. Geuza mpango:

- Weka dari, na uache matundu ya hewa juu ya ukuta ili joto ya mabati itoke.
- Paka mabati rangi nyeupe. Inarudisha jua ilikotoka.
- Madirisha yatazamane, upepo uingie huku utokee kule.
- Jenga baraza, panda mwarobaini upande wa magharibi.

Wafugaji walijua hii kitambo. Herio ya mikeka hupumua. Nyumba ya mawe bila matundu ni oveni.

6. Sasa hesabu

Tuseme mmekubaliana milioni 2. Ndani ya manispaa, ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani 80,000, na mthamini wa serikali akisema nyumba ni ya bei ya juu zaidi, unalipa kwa hiyo yake. Ongeza wakili na upekuzi. Kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Asikubambikie. Madeni ya kaunti pia yalipwe kabla ya uhamisho.

Kwa ukarabati, chukua makadirio ya fundi uongeze asilimia 20. Nyumba ya zamani huficha siri zake mpaka ubomoe.

Doo itatoka wapi? Ayuuto na kina mama wa mtaa bado inafanya kazi. Kama hutaki riba, kuna benki za kisharia kama Gulf African. Kwa murabaha, benki inanunua kitu alafu inakuuzia kwa faida mnajua wote. Kwa musharaka ya kupungua, mnamiliki pamoja na wewe unanunua fungu lao pole pole. Lakini tarajia benki itake karatasi safi, kwa hivyo rudi namba moja.

7. Mpangilio wa kazi

Paa kwanza. Alafu nyufa na msingi, stima na mabomba, plasta, sakafu, na mwisho rangi. Ukipaka rangi kabla ya mabomba utapaka mara mbili. Ukibomoa ukuta ama kuongeza chumba, chukua ruhusa ya kaunti. Fundi mlipe kwa hatua: kazi ikiisha na umeiona, ndio M-Pesa inalia. Vifaa nunua mwenyewe, uweke risiti.

Na kama karatasi inakataa, ama mama wa duka amekuonyesha maji ilifika dirishani, salimia muuzaji vizuri uende zako. Waberi iko na nyumba zingine za kitambo, na ganji yako bado iko mfukoni.