Reli Inapostaafu: Ardhi Yake Iwe ya Nani?

Mgeni afikapo Ujiji huonyeshwa miembe mikongwe iliyosimama kandokando ya njia ya kale ya misafara. Njia hiyo ilitoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo. Juu yake walitembezwa watumwa wakiwa wamefungwa minyororo, na pembe za ndovu zikabebwa mabegani mwa watu. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika nao walifika Ujiji kwa njia iyo hiyo. Kisha mwaka 1914 Reli ya Kati ikafika Kigoma, na misafara ya miguu ikakoma. Miembe ikabaki. Leo tunapumzika chini ya kivuli cha njia iliyokuwa ya machozi.

Ndugu msomaji, nimeanza na miembe hiyo kwa sababu swali ambalo waamini wa Kasingirima na kata jirani wameanza kuuliza si geni kama linavyoonekana. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, ilhali ya zamani ina milimita 1,000 tu. Reli ya zamani bado inafanya kazi, na hakuna anayepaswa kuihesabu kuwa imekufa. Hata hivyo, ni busara kuuliza mapema: siku ambapo kipande chake chochote kitaachwa, ardhi ile itakuwa ya nani?

Historia inatufundisha kwamba reli si ya milele. Kusini mwa nchi yetu, serikali ya kikoloni ilijenga reli hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ulishindwa, reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake viking'olewa.

Miji mingine duniani imechagua kuzigeuza njia za namna hiyo kuwa bustani za umma. Huko Paris, reli iliyofungwa mwaka 1969 ilifanywa njia ya kutembea yenye miti na maua, urefu wa zaidi ya kilomita 4, na chini ya matao yake mafundi wakapewa karakana. Singapore nayo, baada ya treni kusimama mwaka 2011, imeihifadhi njia ya kilomita 24 kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sababu ya kufaa kwake ni rahisi kuielewa. Njia ya reli haina miinuko mikali, hivyo mzee na mtoto huimudu. Tena huunganisha mitaa mingi kwa mstari mmoja. Zaidi ya yote, tayari ni mali ya umma. Hakuna haja ya kumhamisha mkulima ili kuipata.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa picha. Huko New York, reli ya juu iliyopitisha treni ya mwisho mwaka 1980 ilifunguliwa kuwa bustani mwaka 2009. Watalii wakamiminika, bei za nyumba za jirani zikapanda sana, na wakazi maskini wa eneo lile wakajiona wageni katika bustani iliyo mlangoni pao. Hapa ndipo mafundisho ya Kanisa yanapotugusa. Katika Waraka wake wa Kitume Laudato si', yaani Sifa Iwe Kwako, wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alionya juu ya miji ambamo maeneo ya kijani huwekwa kwa ajili ya wachache, huku wanyonge wakinyimwa uzuri huo. Kanisa hufundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu wote. Kivuli nacho ni mali ya dunia.

Kwa hiyo yapo mambo matatu ya kuzingatiwa. La kwanza ni sheria. Hifadhi ya reli, ambayo kwa kawaida ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, ina mwenyewe kisheria. Haifai kuivamia kwa kisingizio cha kupanda miti. Yafaa kuomba na kukubaliana. La pili ni afya. Udongo wa relini huweza kuwa na mafuta ya mashine na dawa za kuhifadhia mataruma ya mbao, hivyo usilimwe mboga kabla ya kupimwa. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni watu. Mama anayeuza dagaa na migebuka kando ya reli, na kijana anayetengeneza baiskeli hapo, wawemo katika mpango tangu siku ya kwanza. Bustani inayoanza kwa kuwafukuza maskini imekwisha kupoteza sababu ya kuwapo.

Mahali pa kuanzia panajulikana: mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata. Wakristo na Waislamu wa Ujiji, tuliozoea kuzikana na kualikana harusini, tuketi pamoja tuseme tunataka nini, kabla ramani haijachorwa na wengine. Anayesubiri ramani ikamilike hubaki na kazi ya kulalamika.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara, pamoja na Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kumbe njia ya mateso imeweza kuwa urithi, kwa kuwa miti iliachwa isimame. Reli ya Kati imesafirisha wazee wetu, mazao yetu, na wakimbizi waliovuka ziwa wakitafuta amani. Itakapostaafu, popote itakapostaafia, tusiiache iwe jalala wala shamba la mwenye nguvu. Watoto wa Kasingirima nao wapate pa kukaa kivulini bila kuulizwa kiingilio.