Kukusanya Maoni ya Wataalamu juu ya Mwongozo wa Ujenzi wa Barabara Kuu kwa Njia ya Kidijitali

Mtu akipewa rasimu ya mwongozo wenye kurasa mia mbili na kuambiwa, "Tafadhali tupe maoni yako," aghalabu hujibu moja kati ya mambo mawili: ama kazi ni nzuri, ama yako makosa ya chapa katika ukurasa wa tisa. Huenda majibu yote mawili ni ya kweli, lakini mwandishi wa mwongozo hapati la kushika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maoni ya wataalamu yanavyoweza kukusanywa juu ya aina moja ya miongozo, yaani ile inayoelekeza utekelezaji wa miradi ya barabara kuu kwa njia ya kidijitali, na kuonyesha kwamba katika kazi hiyo swali la maana ya neno hutangulia swali la mtambo au programu. Mifano yetu mingi inatoka Marekani, kwa sababu huko kila jimbo lina idara yake ya barabara na desturi zake, na miongozo ya namna hii imeandikwa kwa wingi.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kwa muda mrefu mhandisi msanifu alimkabidhi mkandarasi barabara ikiwa katika karatasi: mchoro wa njia ionekanavyo kutoka juu, mchoro wa miinuko na miteremko, na michoro ya mikato ya tuta kila baada ya umbali fulani. Mpimaji wa mkandarasi aliichukua michoro ile, akaikokotoa upya, akapigilia vigingi. Siku hizi barabara hiyo husanifiwa ndani ya kompyuta kama modeli, yaani sura yake kamili yenye urefu, upana na kimo, ambayo kila sehemu yake hubeba taarifa zake. Greda lenye kipokezi cha setilaiti huisoma modeli hiyo na kuinua au kushusha bapa lake la kukwangua udongo bila kungoja kigingi. Serikali ya Shirikisho ya Marekani iliyahimiza majimbo kutumia modeli hizo katika awamu ya 2013 na 2014 ya mpango wake uitwao Every Day Counts. Mwaka 2019 chama cha idara za barabara na uchukuzi za majimbo, kijulikanacho kwa herufi za AASHTO, kiliukubali muundo wa IFC uwe ndio wa kubadilishana taarifa za kihandisi nchini humo. Kisha sheria ya miundombinu ya 2021 ikatenga dola milioni 100 kwa miaka ya bajeti 2022 hadi 2026 ili kuendeleza mifumo ya kidijitali ya kusimamia ujenzi.

Hata jina la shughuli hii lina utata. Neno la Kiingereza litumikalo huko lina maana ya kumfikishia mtu mzigo wake, na pia maana ya kuufikisha mradi mwisho wake. Kwa hiyo wako wanaoelewa kwamba mwongozo unahusu kumkabidhi mkandarasi faili badala ya karatasi tu, na wako wanaoelewa kwamba unahusu kazi nzima, tangu upimaji wa kwanza hadi siku barabara inapopewa watu wa matengenezo. Katika Kiswahili tunayo makabidhiano na tunao utekelezaji. Mfasiri akichagua mojawapo atakuwa ameamua jambo ambalo pengine mwandishi wa asili hakuliamua. Ndiyo maana mfasiri astahili kuhesabiwa miongoni mwa wataalamu wa kuombwa maoni, na aombwe mapema, rasimu ingali rasimu.

Tuangalie neno jepesi zaidi: futi. Nchini Marekani zilikuwako futi mbili. Futi ya kimataifa, iliyokubaliwa 1959, ni mita 0.3048 kamili. Futi ya wapimaji ilikuwa mita 1200 zikigawanywa kwa 3937, nayo ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa sehemu mbili tu katika milioni. Katika kupima mlango tofauti hiyo haionekani. Lakini namba zinazoonyesha mahali pa kitu katika ramani za majimbo huhesabiwa kutoka mbali, na nukta moja yaweza kuwa futi 2,000,000 kutoka mwanzo wa hesabu. Hapo tofauti hufika futi 4, yaani karibu mita moja na robo, na msingi wa daraja uliosanifiwa kwa futi moja na kupimwa kwa nyingine hukaa mahali pasipo pake. Futi ya wapimaji ilikomeshwa rasmi mwishoni mwa 2022, ila faili za miradi ya nyuma na kumbukumbu za mipaka hazikubadilika siku hiyo. Basi rasimu ikisema "vipimo vyote viwe katika futi", mtaalamu wa lami ataisoma sentensi hiyo na kupita. Mpimaji atasimama hapo hapo. Maoni ya wataalamu kumi wa lami hayawezi kuliziba pengo la mpimaji mmoja ambaye hakuulizwa.

Mfano unaofuata ni mzito zaidi. Mwaka 2008 taasisi ya wasanifu majengo ya Marekani ilitoa hati ya mkataba iliyopanga viwango vya kueleza hali ya modeli, kuanzia 100 hadi 500, chini ya herufi LOD. Kwa Wamarekani hao herufi ya mwisho ilisimama mahali pa kukua au kuendelea: usanifu wa kitu umefika wapi, na mtu anaweza kuutegemea kwa kadiri gani. Uingereza herufi hiyo hiyo ilitumika kwa maana ya undani: umbo la kitu limechorwa kwa vipengele vingapi. Mambo hayo hayaendi pamoja siku zote. Kalavati laweza kuchorwa hadi pingili zake za mwisho, huku mhandisi hajaamua kipenyo chake, kwa kuwa alilichukua tu katika ghala la vielelezo ili mahali pale pasibaki patupu. Jingine laweza kuchorwa kama bomba lisilo na pambo lolote, ilhali kipenyo, mahali na kimo chake vimekwisha kuthibitishwa. Mkandarasi anayetazama undani ataagiza mabomba ya lile la kwanza na kusita kwa lile la pili, na hasara itakuwa imetoka katika herufi moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650-1 cha 2018 kiliziacha herufi hizo na kuleta istilahi nyingine, tuiite kiwango cha taarifa zinazohitajika, ambayo huuliza kwanza taarifa zinatakiwa kwa kusudi gani, lini, na nani. Kiwango cha Ulaya cha 2020 kiliifafanua, na mwaka 2024 kikafuata cha kimataifa, ISO 7817-1.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Kiswahili kinaweza kuuepuka mtego huo tangu mwanzo kwa kusema kiwango cha undani na kiwango cha ukomavu. Embe laweza kuwa kubwa na bado likawa changa; hilo halihitaji ufafanuzi kwa mtu yeyote.

Liko pia swali la nguvu ya hati. Mchoro wa karatasi na modeli vikipingana, kipi kinafuatwa? Desturi ya majimbo mengi ilikuwa kutoa modeli kwa ajili ya taarifa tu, na karatasi ndiyo ikawa mkataba. Baadhi yao, Utah likiwamo, yamefanya miradi ambayo modeli yenyewe ndiyo hati ya kisheria. Sentensi isemayo "modeli itatumika pamoja na michoro" haiamui lolote. Nasi wenye Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuiogopa, kwa kuwa "pamoja na" kwetu yaweza kuwa "sambamba na" na yaweza kuwa "licha ya". Wakili wa mkandarasi hatakosa kuliona hilo.

Sasa maoni yakusanywe vipi? Kamati za ISO hutumia jedwali ambalo yafaa liigwe. Mtoa maoni huandika kifungu na aya anayoisemea, aina ya maoni yake, yaani kama ni ya jumla, ya kitaalamu au ya uhariri tu, kisha hoja yake, kisha maneno mapya anayoyapendekeza. Sharti hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa, maana mtu asemaye "hapaeleweki" hulazimika kuandika kinachoeleweka. Muda nao usiwe wa kubana: rasimu ya kiwango cha kimataifa hupigiwa kura kwa majuma 12, wala si mengi kwa mhandisi mwenye mradi mkononi.

Wataalamu wasikusanywe chumbani kwa haraka. Mbele ya mkuu wa idara mhandisi kijana hunyamaza, na maoni ya mmoja huandikwa kuwa ya wote. Njia iitwayo Delphi, iliyobuniwa na watafiti wa RAND huko Marekani na kuelezwa na Dalkey na Helmer mwaka 1963, ilikusudiwa kuondoa kikwazo hicho: kila mtu hujibu peke yake bila kutajwa jina, majibu yote hurudishwa kwa wote, na kila mmoja hupewa nafasi ya kubadili au kutetea neno lake. Majibu yakiendelea kugawanyika baada ya duru mbili tatu, yafaa kuchunguza kama makundi hayo mawili yanazungumzia kitu kimoja. Mara nyingi mgawanyiko wa namna hiyo ni wa fasili.

Kwa dereva wa greda jedwali halifai. Yeye asomewe sentensi moja ya mwongozo na kuulizwa, "Ukiambiwa hivi, kesho asubuhi ungefanya nini?" Jibu lake likitofautiana na la msanifu, sentensi hiyo irudishwe kwa mwandishi.

Jedwali la ISO lina safu moja zaidi, ambayo katika ofisi nyingi hubaki tupu: safu ya majibu ya kamati. Kila oni huandikiwa kama limekubaliwa, limekubaliwa kwa sehemu, au limekataliwa, pamoja na sababu. Tunapendekeza safu hiyo iingizwe pia katika orodha za istilahi zinazopelekwa kwa wataalamu wa fani kabla ya kusanifishwa. Maneno tuliyoyagusa hapa, yaani modeli, kiwango cha ukomavu, kiwango cha taarifa zinazohitajika na makabidhiano ya kidijitali, yangeweza kuwa ya kwanza kupelekwa kwa wapimaji, wahandisi na wanasheria wa mikataba, kila moja likiandamana na sentensi ya mkataba ambamo litatumika.