Majeruhi Hatupwi Njiani

Ndugu askari, tuseme timu yetu ya Buwenge ina mchezaji mkongwe, mwenye mshahara mkubwa, naye ameumia goti. Je, tumwache?

Tumtazame McDonald Mariga wa Kenya. Inter Milan ya Italia ilimsajili mwaka 2010. Baadaye goti lilimsumbua, lakini alibaki mchezaji wa klabu hiyo hadi mkataba wake ulipokwisha mwaka 2014.

Ahadi iliyotiwa sahihi ni deni. Hata hivyo, huruma isimpe mtu namba uwanjani. Askari aliyejeruhiwa hatupwi njiani, wala hapewi lindo asiloliweza. Hupewa vijana awafunze. Mkongwe naye atendewe vivyo hivyo. Mkataba ukiisha, apimwe upya kwa haki, aagwe kwa heshima.