Kipato, Ukuaji wa Miji na Mabadiliko ya Mahitaji ya Chakula: Mfano wa Dar es Salaam

Mabadiliko ya mahitaji ya chakula aghalabu hufafanuliwa kwa kigezo cha kipato. Mwaka 1857, mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alibainisha kuwa kadiri kipato cha kaya kinavyoongezeka, ndivyo sehemu yake inayotumika kununulia chakula inavyopungua. Baadaye, M. K. Bennett alionesha kuwa ongezeko hilo hupunguza pia mchango wa vyakula vya wanga katika mlo. Makala haya yanajenga hoja kwamba kanuni hizo ni sahihi lakini hazijitoshelezi, kwa kuwa mji hubadili hata mlo wa mtu ambaye kipato chake hakijaongezeka.

Dar es Salaam inathibitisha hoja hiyo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 270,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao hawana shamba wala ghala, hivyo hununua unga, na mkaa wa kuupikia pia. Maharage na makande huchukua saa kadhaa jikoni, ilhali wali huiva upesi na chapati hununuliwa ikiwa tayari. Kibarua anayetoka Mbagala alfajiri kwenda Kariakoo hunywa chai kwa chapati kwa mama lishe ili kuokoa muda na mkaa, wala si kwa sababu pato lake limekua. Kwa upande mwingine, kaya ambayo pato lake limekua huongeza nyama, kuku, mayai na maziwa. Hivyo basi, nguvu hizi mbili hutenda kazi pamoja, lakini si nguvu moja.

Tofauti hiyo ina athari kwa wazalishaji na walaji. Mahitaji ya mchele humfikia mkulima wa Mbarali, Kyela na Kilombero. Ngano, kinyume chake, huagizwa kwa sehemu kubwa kutoka nje. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipopandisha bei yake duniani mwaka 2022, mlo wa kibarua uliguswa. Wakati huohuo, mtama na uwele wa Dodoma na Singida, nafaka zinazostahimili ukame, zina nafasi finyu katika sahani ya mjini.

Kwa msingi huo, makadirio yanayozingatia kipato pekee yatachukulia kuwa mlo wa maskini wa mjini haubadiliki, na hivyo kuficha kundi linaloumia zaidi bei zinapopanda. Muda, nishati ya kupikia na mahali pa kulia chakula vinastahili kupimwa sambamba na kipato.