Je, Wajua? Mtungi wa Lita 20 Unatosha Kuanzia Jimu

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndiyo maana mtungi wa lita 20, usiokosekana katika boma lolote la Nyamache, eneo la mashamba ya chai, ni chombo cha mazoezi ambacho uzito wake hupimwa kwa kikombe. Anayeanza hutia lita 5, kisha huongeza moja moja kadiri anavyopata nguvu. Ukijazwa mchanga mkavu, mtungi huohuo huzidi kilo 30.

Kuuinua kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka, huimarisha mapaja na kiuno. Kuubeba kwa mkono mmoja kwenye miteremko ya mashamba ya chai huamsha mabega, vidole na miguu kwa pamoja. Tena maji yasipojaa huyumba, na misuli ya tumbo hulazimika kuzuia kiwiliwili kisipinde. Mashine nyingi za bei ghali hazifanyi hivyo.

Mbali na mtungi, pushapu ya kawaida huitwika mikono karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili, bila gharama yoyote. Kwa kuvuta, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo imara yatosha. Anayetaka vyuma hujaza zege mikebe miwili ya rangi ya lita 4 na kuiunganisha kwa bomba: hapo ana takribani kilo 20.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mwenye maumivu ya mgongo amwone daktari kwanza.